Ruhusa ya Kwenda Kanisani

Chebet, msichana aliyeachiwa meza yangu, ananipigia simu kila siku kuuliza mambo ambayo nilidhani nilimweleza. Funguo ya kabati la kijani iko wapi? Kambi ya wakata kuni inafikiwa kwa njia gani mvua ikinyesha? Kwa nini madereva wa malori walikuwa wakiniita Mama Ruhusa, na je, yeye naye ataitwa hivyo? Badala ya yeye kumaliza salio lake na mimi kuunguza maziwa jikoni, nimeona niketi niandike mara moja, yeye na wenzake wasome.

Mtanisamehe, sitaandika juu ya vyeo. Vilikuja, vingine vikachelewa, na mume wangu anavikumbuka kuliko mimi.

Kazi yenyewe, kwa maneno ya ofisini, ilikuwa kuhakikisha kwamba hakuna mtu anayefanya kazi kwa kulazimishwa ndani ya kampuni yetu ya chai, wala kwa yeyote anayetuuzia kitu. Kwa maneno ya marehemu mama yangu, ilikuwa "kuzunguka ukiuliza watu maswali na kunywa chai yao." Mama alikuwa karibu zaidi na ukweli.

Nilianza kama karani wa kupima majani katika shamba moja nje kidogo ya mji wa Kericho. Siku yangu ya kwanza ilikuwa mbaya. Mvua ya mawe ilikuwa imeipiga chai, wachumaji wakaleta majani yaliyochanika, nyapara akawa anayamwaga chini, na kila mtu alikuwa na hasira na mwenzake. Mimi sikujua la kufanya, nikawa nasalimia. Mkipsigis akifika na kikapu namwambia "Chamgei," Mkisii akifika namwambia "Bwakire." Nililelewa Sotik, dukani kwa mama, mahali ambapo wateja hutoka pande zote mbili za mpaka wa kaunti. Pale asiyejua kusalimia kwa lugha mbili hauzi hata kiberiti.

Pembeni alisimama mama mmoja mrefu aliyevaa koti la mvua la kiume na gumbuti. Nilidhani ni mke wa mtu. Kumbe ndiye Mama Tabitha, afisa wa ustawi wa wafanyakazi, na alikuwa ameniangalia tangu asubuhi.

"Wewe mtoto," aliniambia kazi ilipoisha, "hapa unapima majani. Kuja kwangu upime watu."

Sikuelewa, lakini nilimfuata, na sijawahi kujuta. Yote ninayoyajua yalianzia nyuma ya koti lile. Alinifundisha kwamba siku nzuri ya kutembelea kambi ni siku ya kufua, kwa sababu mtu anayefua hana haraka na mikono yake ina kazi, kwa hiyo mdomo uko huru. Alinifundisha nisiingie nyumbani kwa mtu nikiwa na nyapara ubavuni, na nisiketi juu ya kiti mwenyeji akiwa ameketi chini. Kalamu ikae mfukoni. Chai ukikaribishwa, kunywa, hata kama ina moshi na sukari ya kutosha harusi. "Ukikataa chai ya mtu," alikuwa akisema, "naye atakunyima maneno yake."

La muhimu kuliko yote, alinikataza kuuliza swali ambalo jibu lake ni ndiyo au hapana. "Ukiuliza mtu kama anateswa, atasema hapana. Nani anataka aitwe mtu wa kuteswa? Muulize jana alikula nini, nani alipika, maji yalitoka wapi. Mateso yatakuja yenyewe kwa hiyo hadithi." Alistaafu kabla maneno makubwa hayajaingia ofisini kwetu, lakini kazi yenyewe alikuwa ameifanya miaka yote bila kuijua kwa jina.

Maneno makubwa yalikuja kutoka ng'ambo. Wanunuzi wa chai yetu walianza kutuma maswali, kwa sababu huko kwao sheria iliwataka waseme wanafanya nini kuzuia utumwa mamboleo. Siku neno hilo liliposomwa mkutanini, watu walicheka. Mhasibu alisema watumwa waliisha zamani, labda tuwatafute kwenye vitabu vya historia. Mimi pia nilitabasamu, lakini nyumbani nilimkumbuka babu yangu. Enzi za wakoloni babu alivaa kipande shingoni, kikiwa ndani ya kibati, na asingeweza kuacha kazi ya mzungu mpaka mzungu mwenyewe atie sahihi. Mpaka leo sisi huita kitambulisho kipande na hatufikirii mara mbili. Babu hakufungwa mnyororo hata siku moja. Kibati kilitosha.

Basi nikapewa meza, kabati la kijani, na dereva, Mzee Bett. Mzee Bett ni Mkipsigis wa zamani ambaye Kiswahili chake kimekataa kabisa herufi kadhaa. Gari kwake ni "kari," bado ni "pato." Chebet, ukipewa dereva mwingine utakuwa umepata hasara. Yeye huzima injini mbali na kambi, ili tufike kwa miguu kama wageni wa kawaida.

Tulianza nyumbani kwetu wenyewe, na huo ulikuwa uamuzi mzuri, kwa maana huwezi kwenda kufagia kwa jirani huku kwako kuna nzi. Tuliwaondoa madalali waliokuwa wakiuza nafasi za kazi getini. Kila mfanyakazi mpya akawa anaelezwa mkataba wake kwa lugha anayootea ndoto. Sanduku letu la maoni nililifungua nikakuta buibui na ganda la ndizi, kwa sababu lilikuwa limetundikwa mlangoni kwa nyapara, mahali ambapo hata mimi nisingethubutu kutia karatasi. Nililihamishia kwenye zahanati, karibu na choo cha wanawake. Likaanza kujaa. Haya yote yalifanywa na watu wengi, lakini ninajisikia fahari nikiyakumbuka na sitajifanya vinginevyo.

Sasa nifike kwa kuni.

Kiwanda cha chai hakiendi bila boila ya mvuke wa kukaushia majani, na boila yetu inakula kuni za mikaratusi mchana na usiku. Tulijua kila jani limetoka shamba gani. Kuni tulizijua kwa urefu na ukavu tu. Aliyetuamsha ni mkaguzi kijana kutoka Nairobi, Wambui, binti mwenye akili na adabu, aliyemuuliza mtu wa boila, "Hizi kuni zinatoka wapi?"

"Kwa lori," mtu wa boila akajibu, akaendelea na kazi.

Tulicheka, kisha mimi na Wambui tukatazamana. Hakuna mtu kiwandani aliyeweza kuongeza neno juu ya jibu lile. Kikulacho ki nguoni mwako, na sisi kilikuwa kikishushwa getini kila asubuhi.

Basi tukaanza kuwatembelea makontrakta wa kuni, mmoja mmoja. Wengi walikuwa watu wazuri tu. Mmoja alikuwa na kambi ng'ambo ya Siongiroi, ndani kabisa ya msitu wa mikaratusi aliokuwa ameununua miti ikiwa bado imesimama. Jina lake sitalitaja, tutamwita kontrakta. Alikuwa mtu wa tabasamu na mikono laini. Alituma habari kwamba tunakaribishwa, na kweli tulikaribishwa. Wakataji walikuwa wamevaa gumbuti mpya ambazo bado zilinuka duka, wamepangwa mstari kama wanafunzi siku ya kufunga shule.

Wambui aliuliza maswali yake vizuri. Mnapumzika? Tunapumzika. Mtu akiwa na shida nyumbani, anapewa ruhusa? "Tunapewa," walijibu pamoja, na mmoja akaongeza, "Nyapara ni mtu mzuri, ukiomba ruhusa unapewa." Niliridhika. Ninyi mnajua neno hilo lilivyo kwetu mashambani. Ruhusa ni siku ya kutokwenda kazini. Mtoto akiugua unaomba ruhusa, ukiwa na matanga unaomba ruhusa. Mahali ruhusa inapopatikana ni mahali pa heshima. Wambui aliandika hivyo, nami nilitikisa kichwa kukubali.

Wenzangu walipokwenda kutazama misumeno, mimi nilikwenda jikoni, kama Mama Tabitha alivyonizoesha. Jikoni ni mahali ambapo hakuna anayejitayarisha kukaguliwa.

Mpishi alikuwa mama wa makamo, Mkisii, anaitwa Nyaboke. Alikuwa anachambua managu kwenye ungo. Nilimsalimia kwa Kigusii, akainua uso kwa furaha hivi kwamba nilimhurumia kabla sijajua kwa nini. Niliketi kwenye gogo, nikavuta sehemu ya mboga, tukachambua pamoja. Tuliongea juu ya moshi, panya, na bei ya nyanya soko la Siongiroi. Nikamuuliza kama Jumapili walipata mahubiri mazuri.

"Mazuri sana, madam," alisema. "Mungu ni mwema. Hii Jumapili niliomba ruhusa ya kuenda kanisa, nikapewa."

Alisema kwa shukrani, kama mtu anayemsifu tajiri wake mbele ya mgeni. Mimi niliitikia, "Bwana asifiwe," nikachukua jani lingine. Kisha mkono wangu ukasimama wenyewe.

Tangu lini mtu akaomba ruhusa kwenda kanisani? Siku ya Jumapili, siku ambayo hakuna kazi? Huku kwetu hata mlevi huenda kanisani bila kumuuliza mtu. Mke hamuombi mume, mtoto anafukuzwa aende.

"Na ukinyimwa?" nilimuuliza, nikijitahidi sauti isibadilike.

"Ukinyimwa si unakaa tu. Tunaenda kwa zamu. Wengine wakienda, wengine wanabaki ndio tusipotee."

"Na ukitaka kwenda nyumbani kabisa? Uache kazi?"

Alitazama mlango. "Hiyo sasa ni ruhusa kubwa. Hiyo nyapara hana. Hiyo ni ya kontrakta mwenyewe. Na kipande yangu iko kwake. Zetu zote ziko kwake, anatuwekea."

Anatuwekea. Alilisema kwa upole, na nilihisi kibati cha babu shingoni mwangu.

Polepole, jani kwa jani, akanieleza. Mama yake alikuwa mgonjwa nyumbani, upande wa pili wa Sotik, mgonjwa wa kutoamka, na alikuwa akimwita. Nyaboke alianza kuomba ruhusa kubwa mahindi yakiwa magotini. Sasa watu walikuwa wanavuna. Kila mara kontrakta alitabasamu akasema, "Ngoja mzigo huu uishe." Kulikuwa na kijana aliyeondoka bila ruhusa, na kontrakta akatangaza kwamba ameiba msumeno na polisi wanamtafuta. Tangu hapo hakuna aliyejaribu.

"Mimi nataka nimuone akiwa macho tu," alisema. "Kuzika, hata jirani atanizikia. Kuona ndio hakuna mtu atanionea." Kisha akanishika mkono, vidole vyake vikiwa vimelowa. "Lakini madam, usiseme ni mimi."

Nilimwahidi. Nilitoka pale nikiwa na hasira ambayo ilinibidi niimeze pamoja na chai ya kontrakta, maana aliniandalia kwenye kikombe chenye maua.

Garini nilimweleza Wambui bila kumtaja aliyesema. Alifungua mkoba, akaitazama kazi yake ya asubuhi nzima, akasema kwa sauti ndogo, "Nilisikia 'ruhusa' nikafurahi."

"Hata mimi," nilimwambia. "Neno ni letu wote."

Mzee Bett, ambaye huwa hasikii chochote anapoendesha, alisema bila kugeuka, "Hata ng'ompe haompi ruhusa ya kwenda kunywa maji."

Sasa sikilizeni vizuri, maana hapa ndipo kazi hii huharibika. Ushauri wa kwanza tuliopata kutoka juu ulikuwa rahisi: vunjeni mkataba, tununue kuni kwingine, jina letu liwe safi. Nilikataa. Jina letu lingekuwa safi na Nyaboke angekuwa bado yuko msituni, akipikia watu wale wale, kuni zikienda kwa mnunuzi asiyeuliza. Ukimwacha kontrakta kama huyo aende zake, umejiosha mikono tu. Na tungemwendea kontrakta na kusema "tumesikia," angeuliza aliyesema, na jikoni kulikuwa na mtu mmoja.

Kwa hiyo tukaweka sheria kwa makontrakta wote wa kuni, wazuri na wabaya sawasawa. Kila mtu anayekata kuni za kiwanda, na kila anayewapikia, aje kiwandani siku ya mafunzo, ale chakula cha mchana, na getini aonyeshe kitambulisho chake kwa mkono wake mwenyewe. Kontrakta ambaye watu wake hawajafika, kuni zake haziingii. Hakuna aliyenyooshewa kidole. Wakati huo huo nilimpigia afisa wa kazi wa serikali, mtu mtaratibu aliyenisikiliza mpaka mwisho, akasema atakuja kula hicho chakula nasi.

Siku ilipofika, wengine walikuja wakiimba juu ya malori. Wa msitu wa Siongiroi hawakuja. Lilikuja lori la kontrakta wao, limejaa kuni hadi juu, na dereva akasema watu wana homa.

"Wote?" nikamuuliza.

"Ndio, madam. Hata mpishi."

Nilimwambia mlinzi asifungue geti. Nikasimama mbele ya lori, si kwa ushujaa, ila kwa kuwa mlinzi alikuwa mgeni kazini na nilijua atapigiwa simu aamriwe kufungua. Nyuma yangu chai ilikuwa imemiminwa kwenye vitanda vya kunyaushia majani, na rundo la kuni karibu na boila lilikuwa limebaki la kuaibisha. Meneja wa kiwanda alikuja mwenyewe, hatua ndefu, miwani mkononi.

"Rael, hii ni nini? Boila inazima! Majani yataoza mle ndani, wakulima wataniuliza mimi, si wewe."

Meneja wetu hakuwa mtu mbaya. Alikuwa mtu wa majani. Pia alikuwa mzee wa kanisa, na nilimjua, nilikuwa nimemsikia akiomba.

"Bwana Meneja," nilisema, nikimvuta kando ili dereva asisikie, "hawa watu waliokata hizi kuni, Jumapili wanaomba ruhusa ya kwenda kanisani."

"Wanaomba kwa nani?"

"Kwa nyapara. Wengine wanapewa. Wengine wanabaki, ili waliokwenda warudi."

Alivaa miwani, akalitazama lori kana kwamba ndilo lililosema. "Kanisani?"

"Kanisani. Na vitambulisho vyao viko kwa kontrakta. Na mmoja wao ana mzazi anayekufa, na amenyimwa."

Akageuka akalipima kwa macho rundo la kuni. Niliogopa, nakiri. Nilikuwa na watoto shuleni, na boila ilikuwa inazima kweli. Kisha akamgeukia dereva, akasema bila kupaza sauti, "Geuza lori. Mwambie tajiri wako kuni zitaingia nyuma ya watu, si mbele yao." Akatoa simu, akaanza kuomba kuni kwa kiwanda jirani, jambo ambalo kwa meneja wa chai ni sawa na kuomba chumvi kwa mke mwenza. Nimefanya kazi chini ya mameneja wengi. Yule nitamheshimu mpaka niingie kaburini.

Mbio za sakafuni huishia ukingoni. Alasiri kontrakta alifika na watu wake wote, bila homa. Aliteremka akitabasamu, begi dogo la ngozi kwapani.

"Madam, nimewabebea vitambulisho. Unajua hawa watu wa msitu, wanaweza kupoteza."

"Umefanya vizuri kuvileta," nilimwambia. "Wagawie."

"Si nikupatie wewe tu uangalie?"

"Mimi nina changu."

Afisa wa kazi alikuwa amesogea karibu na sahani yake ya pilau, na meneja alikuwa upande wa pili. Kontrakta akafungua begi. Alisoma majina, mmoja mmoja akaenda kuchukua. Nimeona watu wakipewa vyeti na medali katika ukumbi wa kiwanda. Sijawahi kuona watu wakipokea kitu kwa uangalifu kama ule. Mzee mmoja alikitazama cha kwake kwa muda, akamwonyesha mwenzake picha, wakacheka kwamba alikuwa na nywele.

Nyaboke alipopata chake hakukitazama. Alikitia kifuani, akaja moja kwa moja nilipokuwa.

"Madam, naomba ruhusa niende."

"Mama," nilimwambia kwa Kigusii, "ruhusa hiyo mimi sina. Hakuna mwenye nayo hapa. Enda."

Hakungoja pilau. Mzee Bett alikuwa amekwisha washa gari, bila kuambiwa na mtu.

Alimkuta mama yake macho. Mgonjwa aliishi mpaka msimu wa kupanda, na Nyaboke ndiye aliyemlisha, akamgeuza kitandani, na mwisho akamfunga macho kwa mkono wake. Hadithi ya wizi wa msumeno ilikufa mbele ya afisa wa kazi, na yule kijana akarudi kutembea barabarani mchana. Kila mmoja alipata haki yake kabla mkataba wa yule kontrakta haujavunjwa, na waliotaka kuendelea kukata kuni walichukuliwa na kontrakta mwingine ambaye hana begi la ngozi.

Tangu siku ile ya getini madereva wa malori wakaniita Mama Ruhusa. Na popote tulipokwenda, iwe kwa wakata kuni, waosha magunia, au wapishi wa kandarasi, niliuliza swali moja: mara ya mwisho ulipokwenda kanisani, ulimwambia nani? Waadventista walinikumbusha kwamba kuna watu na Jumamosi yao, na wasiokwenda popote niliwauliza juu ya soko. Jibu zuri ni mtu kukushangaa. Akikutazama kama umechanganyikiwa, akasema, "Nimwambie nani, kwani?", hapo lala salama. Wambui naye analiuliza mpaka leo huko anakokagua kahawa na maua, na hunipigia kuniambia.

Chebet, mambo yako yatakuwa tofauti na yangu. Mashine zinachuma chai sasa, na vijana waliokuwa wachumaji wanafuatwa na mawakala wa kazi za ng'ambo, watu wa tabasamu na mikono laini, ambao pia huwekea watu pasipoti. Neno litabadilika. Sikiliza neno zuri linalotumiwa mahali pasipolihitaji. Ukisikia mtu anashukuru kwa jambo ambalo ni lake tayari, weka chini mboga zako uulize polepole.

Njia ya kambini mvua ikinyesha anaijua Mzee Bett. Kuhusu kabati, halina funguo, halijawahi kuwa nayo. Lisukume kwa bega upande wa kushoto. Majina ya watu walioniambia ukweli hayamo humo. Nilikuwa nayo kichwani, nimeondoka nayo.

Isipokuwa moja, na hilo nina haki ya kulitaja.

Siku yangu ya kuagwa, kantini ilijaa. Meneja mpya alisoma hotuba ndefu, nikavishwa blanketi na leso, Mzee Bett akalia waziwazi na kusema ni "fumpi," vumbi limemwingia machoni. Kisha mshereheshaji akauliza kama kuna mgeni mwenye neno. Mlangoni alisimama mama mnene kidogo, amevaa kitambaa kizuri kichwani, amebeba hotpoti mbili za chakula. Ilinichukua muda kumtambua, kwa sababu nilimzoea mwembamba. Nyaboke siku hizi ana hoteli Sotik, mahali ambapo madereva hupigania viti saa ya chakula.

"Mimi naitwa Nyaboke," alisema. "Leo asubuhi nimefunga hoteli yangu, nikapanda gari, nikakuja. Sikuomba ruhusa kwa mtu."

Akaketi. Watu walingoja hotuba iendelee, haikuendelea. Meneja wetu wa zamani, aliyekuwa amekuja na fimbo yake, ndiye aliyeanza kupiga makofi.

Baadaye tuliketi pembeni tukila matoke yake. Nilimwambia huenda siku moja nikawaandikia vijana haya, na kwamba nilimwahidi zamani jikoni kutosema ni yeye. Nikamuuliza kama naweza sasa kuandika jina lake.

Alijimiminia chai, akaikoroga, akaipuliza, akainywa taratibu huku akiangalia watu wakicheza. Mimi nilisubiri, mikono mapajani, mpaka kikombe kikaisha.

"Haya," Nyaboke alisema. "Nimekupatia ruhusa."